Kisu Kilichoruka: Namna ya Kuchagua Kichwa cha Mashine ya Randa

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tukirudi kutoka fildi tunakuja na hadithi za aina mbili: ya mwanafunzi aliyeuliza swali tukakosa jibu, na ya hela iliyoisha kabla bumu halijaingia. Mimi nimerudi na hadithi ya kisu. Nitaieleza kwa kifupi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mwanafunzi wa ualimu anajaza kurasa za jarida letu kwa habari za kipande cha chuma kinachozunguka ndani ya mashine ya mbao.

Nilipangiwa chuo kidogo cha ufundi huko nyanda za juu kusini. Karakana yao ya useremala ina mashine moja ya randa, ile ya mbili kwa moja. Juu unanyooshea ubao kwa mkono, chini unaupitisha kwenye roli ili utoke na unene mmoja, yaani kazi ya thiknesa. Kichwa cha visu ni kimoja tu, kinahudumia juu na chini.

Siku ya kwanza mwalimu wa karakana, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliniuliza kama naijua mashine ile. Nikamjibu naijua. Nimekulia Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana ya baba mdogo, kelele za randa nimezisikia kabla sijajua kusoma. Nisichomwambia ni kwamba miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kufagia maranda na kupokea ubao upande wa pili. Visu alikuwa anafunga baba mdogo mwenyewe, jioni, sisi watoto tukiwa tumeshatumwa dukani.

Wiki ya tatu visu vikawa butu. Mzee alikuwa kwenye kikao. Nikavitoa, nikaanza kufunga vingine vilivyokwisha kunolewa. Viwili nikavikaza. Cha tatu nikakishikiza tu, boliti za kuzungusha kwa vidole, nikisubiri kupima urefu wake. Kengele ya uji ikalia. Tuliporudi, nikawasha mashine.

Ilitoa mlio mmoja mkubwa. Kisu kilimega ukingo wa meza, kipande kikaruka na kuacha shimo kwenye plasta ya ukuta, usawa wa kifua. Pale pale, dakika moja kabla, alikuwa amesimama kijana wa mwaka wa kwanza. Alikuwa amesogea kwenda kuokota penseli. Hakuna aliyeumia. Wanafunzi walinyamaza, halafu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ulikaza?" Sikuwa nimekaza.

Kichwa kiliharibika mfereji unaoshika kisu, hakikufaa tena. Mkuu wa chuo hakunifokea. Aliniita ofisini akasema, "Mwalimu, niandikie ukurasa mmoja, tununue kichwa gani." Haya yanayofuata ndiyo niliyojifunza nikitafuta jibu la ukurasa ule mmoja.

Kichwa cha visu ni kitu gani

Ni mhimili wa chuma, mnene kama mkono wa mtu mzima au zaidi, uliolazwa kati ya meza mbili za mashine. Meza ya kulishia iko chini kidogo, na tofauti hiyo ndiyo unene wa maranda yanayotolewa. Meza ya kupokea iko sawasawa na ncha ya kisu kinapofika juu kabisa. Mhimili umekaa kwenye beringi mbili, unazungushwa na mota kwa mkanda, na juu yake ndiko visu vilipofungwa.

Mwendo wake si wa mchezo. Chukua kichwa ambacho ncha za visu zinachora duara la kipenyo cha milimita 75, kinachozunguka mara 5,000 kwa dakika. Piga hesabu na utakuta ncha ya kisu inakimbia karibu mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 70 kwa saa. Ni kasi ya basi lililotoka stendi na kushika barabara kuu. Kisu changu ambacho hakikukazwa kilikuwa abiria wa basi hilo aliyesimama mlangoni bila kushika chochote.

Zamani vichwa hivi vilikuwa vya pembe nne. Kati ya pembe na pembe palikuwa na nafasi kubwa, na kidole kikiteleza kinaingia chote mpaka mkono. Ndiyo maana vikaja vichwa vya mviringo, ambavyo nafasi iliyo mbele ya kisu ni ndogo. Uingereza, kanuni zao za mashine za mbao za mwaka 1922 zilikataza kunyoosha ubao kwa mkono kwenye mashine yenye kichwa kisicho cha mviringo. Ni zaidi ya miaka 100 sasa. Ukikuta mahali pana kichwa cha pembe nne kwenye mashine ya kusukuma ubao kwa mkono, usiulize bei ya visu vyake. Hicho ni cha kutolewa.

Hesabu inayoamua ulaini wa ubao

Watu wengi wanadhani ubao unatoka laini kwa sababu kisu ni kikali. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni idadi ya mikato kwenye kila milimita.

Kichwa chenye visu 3 kinachozunguka mara 5,000 kinakata mara 15,000 kwa dakika. Kama roli zinauvuta ubao mita 6 kwa dakika, yaani milimita 6,000, basi kila mkato unabeba milimita 0.4. Hapo mkono ukipita juu ya ubao hauhisi kitu.

Sasa funga visu vibaya. Kimoja kikiwa juu kidogo kuliko wenzake, hicho ndicho kinachomaliza kazi, na wale wawili wanapita hewani. Mikato inabaki 5,000, na kila mkato unabeba milimita 1.2. Ubao unatoka na mawimbi ambayo unayaona ukiuinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Una visu vitatu vilivyolipiwa na kunolewa, unafanya kazi na kimoja. Kwa hiyo kabla hujasema kichwa chako ni kibaya, hakikisha visu vyote vinafika kazini.

Aina tatu utakazokutana nazo

Ya kwanza ni kichwa cha visu virefu vilivyonyooka, kama hiki kilichoniponyoka. Visu ni 2, 3 au 4, vya chuma cha haispidi, kila kimoja kimebanwa kwenye mfereji wake kwa kabari ya chuma na boliti kadhaa. Uzuri wake ni kwamba kisu kikiwa butu kinanolewa, tena na tena, mpaka kibaki chembamba. Mjini hakukosekani fundi wa kunoa. Ubaya wake ni kufunga. Kila kisu lazima kitokeze sawa na mwenzake, mwanzo mpaka mwisho, na kila boliti ikazwe. Mwenye mazoea anaweza kumaliza kwa chini ya saa moja. Asiye na mazoea anaweza kutoboa ukuta.

Ya pili ni kichwa cha visu vya kubadilisha haraka. Mfumo unaojulikana zaidi ni Tersa. Kisu chembamba chenye makali pande mbili kinachomekwa mferejini kwa ubavu, na mashine inapozunguka, nguvu ile ile ya mzunguko inaibana kabari na kukishika. Upande mmoja ukiisha unageuza, wa pili ukiisha unatupa. Hakuna kupima, dakika chache umemaliza. Ila hakinolewi, na visu vikikwisha lazima upate vya mfumo ule ule. Usipovipata, mashine inalala.

Ya tatu ndiyo inayosifiwa sana siku hizi, kichwa cha spiro. Badala ya visu virefu kina vipande vidogo vya mraba vya kabaidi, kila kimoja kimekazwa kwa skrubu yake, vimepangwa kwa kuzunguka mhimili kama ngazi ya mnara. Kila kipande kina makali manne. Upande mmoja ukiwa butu unalegeza skrubu, unageuza robo, unakaza, unaendelea. Kabaidi inakaa na makali muda mrefu kuliko haispidi, mara nyingi zaidi. Na kwa sababu vipande haviugongi ubao wote kwa pamoja, kelele inapungua sana, na maranda yanatoka mafupi, hayazibi bomba la kuvutia vumbi.

Hapa wauzaji wana maneno mengi, kwa hiyo tuwe makini na mambo mawili. Jambo la kwanza, wingi wa vipande si wingi wa mikato. Kichwa kinaweza kuwa na makumi ya vipande, lakini sehemu moja ya ubao inakutana na vichache tu kila mzunguko, kwa sababu vingine vinakata kwingine. Jambo la pili, si kila spiro inakata kwa mshazari. Kuna vichwa ambavyo mpangilio ni wa kuzunguka lakini kila kipande kimetazama ubao moja kwa moja. Vingine kila kipande kimegeuzwa kidogo, kinakata kama unavyokata mkate kwa kuvuta kisu badala ya kukikandamiza. Hivi vya pili ndivyo vinavyotuliza mbao zenye nyuzi zinazopishana. Ukiangalia picha ya bidhaa, angalia makali ya kipande kimoja kimoja, usiangalie mzunguko wa jumla.

Ubao wenyewe nao una neno

Kichwa hakichaguliwi bila kujua kinachokwenda kukatwa. Kule nilikokuwa, mbao ni paini za mashamba ya miti, ukanda huo wa Sao Hill. Paini ni laini, ila ina vifundo na utomvu. Kuzunguka kifundo nyuzi zinageuka, na kisu kikija kinyume cha nyuzi kinanyofoa badala ya kukata. Utomvu nao unaganda kwenye kisu, kikaonekana butu kumbe ni kichafu.

Mafundi wa fanicha wana mambo mengine. Mvule unaweza kuwa na madonge magumu kama mawe ndani yake, ambayo huyaoni mpaka kisu kikutane nayo. Mtiki una chembe za silika, zinakula makali kama msasa. Mikaratusi nyuzi zake mara nyingi zinapishana. Juu ya hayo yote kuna mchanga. Mbao zetu nyingi zinapasuliwa porini kwa dingdong au kwa msumeno wa mnyororo, zinaburutwa chini, zinarundikwa kando ya barabara. Ubao usiopigwa brashi unaweza kumaliza makali mapya asubuhi moja.

Kwenye hili, niseme ukweli, spiro inashinda. Mchanga na silika haviiogopeshi kabaidi kama vinavyoiogopesha haispidi. Ukigonga msumari, visu virefu vyote vitatu vinapata pengo mahali pamoja na kila ubao unatoka na mstari uliotuna. Dawa ya haraka ipo: legeza kisu kimoja, kisogeze pembeni milimita moja au mbili, mapengo yasilingane, mstari unaondoka mpaka siku ya kunoa. Kwenye spiro unageuza vipande viwili vitatu vilivyoumia, basi.

Lakini mwenye visu virefu naye hana mikono mitupu. Akipata ubao unaonyofoka apunguze kina hadi nusu milimita, asukume polepole, ageuze ubao ufuate nyuzi. Wapo pia mafundi wanaomwomba mnoaji achonge kidogo uso wa mbele wa kisu, ili kikwangue zaidi na kuchimba kidogo. Kwenye mbao zenye nyuzi za kupishana inasaidia, ingawa mota inalemewa kidogo.

Vipimo kabla ya pesa

Kichwa hakinunuliwi kwa picha. Nilijifunza kuandika haya kwenye karatasi kabla ya kupiga simu ya bei:

Upana wa kukata. Kipenyo cha duara la ncha za visu, siyo cha mhimili peke yake. Urefu na unene wa shafti kila upande. Namba ya beringi, ambayo imeandikwa ubavuni mwa beringi yenyewe. Puli inashikwaje, kwa ufunguo au kwa skrubu. Kosea kimoja tu kati ya hivi na utakuwa na kichwa kizuri cha kuwekea karatasi zisipeperuke.

Halafu mota. Spiro inataka nguvu zaidi kidogo kwa sababu wakati wote kuna kipande kinachokata. Kwenye mota ndogo, na umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, unaweza kujikuta unapitisha ubao mara mbili pale ulipozoea mara moja.

Na beringi. Kama zimechoka, kichwa chochote utakachoweka kitatetemeka. Ondoa mkanda, zungusha kwa mkono, sikiliza. Ikikwaruza, anza na beringi kabla ya kutafuta kichwa.

Ukurasa niliouandika kwanza

Baada ya kujua haya yote niliandika ukurasa wangu: tununue spiro. Sababu zilikuwa nzuri. Hakuna kupima visu, kelele ndogo (darasa la hisabati liko ukuta kwa ukuta na karakana, mwenzangu anayefundisha pale alikuwa anasimama kila randa inapowashwa), makali ya kudumu. Bei ndiyo ilikuwa mlima. Seti ya visu vitatu ni pesa ya kuchangishana. Kichwa cha spiro ni pesa ya kikao cha bodi.

Nilimpelekea mzee kwanza aupitie. Alisoma, akavua miwani.

"Kijana wangu, unataka kununua kichwa, au unataka kununua usingizi?"

Sikujibu. Akaendelea, "Hawa wakimaliza hapa wanaenda wapi?"

Nikasema wanaenda mitaani, Mafinga, Makambako, wengine Dar. Wanaenda kwenye mashine za kuchomelea za kienyeji, msumeno na randa kwenye shafti moja, visu viwili vya kunyooka.

"Basi. Hiyo spiro utawafungashia kwenye begi?"

Jioni ile nilimpigia baba mdogo. Nilikuwa sijamwambia. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama wanatulisha vizuri. Ndipo nikamweleza yote, hadi shimo la ukutani. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akasema, "Mwanangu, hilo ni langu. Nilikuwa nawatuma dukani makusudi, nisiwe na watoto karibu na visu. Nikajua nawalinda."

Nimeyafikiria maneno yale kuliko mhadhara wowote wa mbinu za kufundishia. Baba mdogo alituondoa karibu na visu kwa upendo, na matokeo yake ni mtu wa miaka 22 aliyesimama mbele ya wanafunzi na spana asiyojua kuitumia. Na mimi kwa ukurasa wangu wa spiro nilikuwa nataka kuwatuma vijana wengine dukani.

Tulichochagua, na kwa nini si lazima uchague hicho

Niliandika upya. Chuo kikanunua kichwa cha mviringo cha visu vitatu vya haispidi, seti mbili za visu ili moja ikienda kunolewa nyingine iwe kazini, na beringi mpya. Pesa iliyobaki ilinunua geji ya kupimia visu na brashi za waya za kusafishia mbao kabla hazijapanda mezani.

Nisiwadanganye, tulipoteza vitu. Darasa la hisabati bado linasimama randa ikiwaka. Paini yenye vifundo vingi bado inanyofoka, wanafunzi bado wanamalizia kwa randa ya mkono na msasa. Kila baada ya muda visu lazima viende mjini.

Na kama ningekuwa naandikia karakana ya baba mdogo ukurasa ungekuwa mwingine. Yeye anafanya fanicha za mninga na mkongo, anao mafundi wawili wa kudumu, na siku nzima za kazi zinaishia kwenye msasa. Kwake spiro inaweza kujilipa kwa msasa na muda peke yake. Ana thiknesa iliyo mbali na randa ya juu, kila mashine na kichwa chake, kwa hiyo ningemwambia: kama pesa inatosha kichwa kimoja, kiweke kwenye thiknesa. Uso unaotoka thiknesa ndio unaokwenda kupakwa vanishi. Kwenye randa ya juu unaweza kugeuza ubao, kupunguza kina, kutuliza mkono. Kwenye thiknesa roli zinavuta zenyewe, ubao ukishaingia umeingia.

Spiro nayo isichukuliwe kuwa haina adabu zake. Kabla ya kugeuza kipande, safisha kitako chake chote, chembe moja ya vumbi chini ya kipande inakiinua na utaona mstari kila ubao. Skrubu zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji, maana kabaidi ni ngumu lakini ni rahisi kupasuka. Kipande kisichokazwa kinaruka vile vile.

Kwa hiyo ukiulizwa, kabla ya kutaja aina, uliza wewe maswali manne. Nani atafunga visu, na akiondoka nani atabaki? Makali yakiisha, ya kunoa au ya kununua yanapatikana umbali gani? Mbao gani, safi kiasi gani? Mota inaweza? Jibu likikosekana kwenye swali la kwanza, mengine yote ni mapambo.

Somo la wiki ya mwisho

Wiki yangu ya mwisho tulifundisha pamoja, mzee na mimi. Kila mwanafunzi alifunga kisu. Ninaandika hatua zake hapa kwa wenzangu mtakaopangiwa vyuo vyenye karakana.

Plagi inachomolewa ukutani, na anayefunga visu anaiweka mahali anapoiona. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Mfereji na kabari vinasafishwa, utomvu ufutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kisha ukauke. Visu vya seti moja vinapimwa uzito kwenye mizani, viwe sawa, maana kwa kasi ile tofauti ndogo inageuka mtetemo. Kisu kinaingia, boliti zinashikizwa. Unalaza kijiti kilichonyooka juu ya meza ya kupokea, kichwa unakizungusha taratibu kwa kushika puli, kamwe si kwa kushika visu. Kisu kinakiparua kijiti na kukibeba mbele kidogo. Tulitumia milimita 3. Kibebe 3 upande wa kushoto, 3 upande wa kulia, na 3 kwa kila kisu. Kikibeba zaidi kiko juu, kisipobeba kiko chini.

Ndipo unakaza, kwa mizunguko. Kwanza nusu nguvu kwenye visu vyote, kuanzia boliti za katikati kwenda nje, halafu nguvu kamili kwa utaratibu ule ule, kisha unapima tena kwa kijiti kwa sababu kukaza kunaweza kusogeza. Mwisho, mtu wa pili, ambaye hakukaza, anapita na spana boliti moja baada ya nyingine na kuhesabu kwa sauti. Zetu ni 15, tano kwa kila kisu. Asipofika 15, plagi hairudi ukutani. Na kengele ikilia katikati ya kazi, spana inaachwa juu ya meza ya mashine, ikilala kukatisha kichwa, ili anayerudi aione kabla ya kitu kingine.

Ubaoni tumebandika karatasi yenye safu mbili, *aliyekaza* na *aliyehesabu*. Siku niliyoondoka nilikuwa nimeandikwa mimi kwenye safu ya kwanza. Aliyehesabu alikuwa yule kijana wa penseli. Alihesabu mpaka 15, akarudia tena kuanzia moja, kisha akanikabidhi plagi.